Sukari 12.4 Kwenye Foleni ya Unga

SWALI: Assalaam aleikum Bi. Jumamosi nilikwenda supamaketi hapa Malindi kununua unga na mafuta. Karibu na kaunta za kulipia kuna duka la dawa, na nje yake msichana kavaa fulana ya kampuni ya dawa, anaita watu wapimwe sukari bure. Mimi nilikuwa nimetoka sokoni, nimeonja embe ngowe, mkono nikaufuta kwa leso. Akanidunga kidole, kifaa kikaonyesha 12.4. Akaniambia nina kisukari, ila nisiogope, dawa ipo, na wiki hii ukichukua paketi mbili unapata pointi kwenye kadi. Nikanunua. Zimeandikwa glibenclamide, miligramu 5. Sina kiu, usiku siamki kwenda haja, sijakonda. Nina miaka 47 na hufunga Jumatatu na Alhamisi. Nianze kumeza?
Mama wa Shela, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, dadangu. Usimeze hata kimoja. Sasa tuzungumze habari ya lile embe.

Sifanyi mzaha. Tone la damu linaloingia kwenye kile kifaa ni dogo mno. Maji ya embe yakikukaukia kidoleni huchanganyika na hilo tone, na kifaa hakina akili ya kujua sukari ipi ya mwilini na ipi ya sokoni, kinahesabu zote. Leso haiitoi, na hata pamba ya spiriti huweza kuiacha. Ni maji na sabuni, kisha mkono ukauke. Niliwahi kumpima mzee mmoja aliyekuwa ametoka kukata halwa: 15 na ushee! Akaanza kutaja wosia. Nikampeleka kwenye bomba, akanawa, tukarudia: 5.8.

Sisemi huna kisukari. Huenda unacho. Nenda hospitali asubuhi, hujatia kitu mdomoni kwa saa nane au zaidi isipokuwa maji. Sukari ikifika 7.0 au kupita, na kwa kuwa huna dalili yoyote, watarudia siku nyingine kabla ya kukupa jina la mgonjwa. Kipo pia kipimo cha HbA1c, kinachotazama sukari yako ya miezi miwili mitatu nyuma. Hicho embe la Jumamosi halikidanganyi. Mpaka wake wa kuitwa kisukari ni asilimia 6.5.

Hizo ulizonazo zinaikamua kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari, umekula hujakula. Fikiria Alhamisi umemeza wakati wa daku. Ikifika alasiri jasho la baridi linakutoka, mikono inatetemeka, unamwita mwanao kwa jina la dadake. Nimeona mtu akianguka hivyo. Wengi huanzishiwa metformin, ambayo ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari namna hiyo, ingawa nayo huvuruga tumbo na haipewi mtu kabla figo hazijaangaliwa. Na zote mbili, hapa Kenya, ni dawa za cheti cha daktari. Msichana hakukuuliza cheti, wala hakukuuliza kama unafunga.

Simchukii. Nilikaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka 26, na Novemba moja, mwezi wa Siku ya Kisukari Duniani, nilikubali fulana kama ile, pamoja na mwavuli na kitu kidogo kwa kila paketi itakayotoka. Kufika siku ya tatu nilijisikia nikimwambia mama aliyepata 8 baada ya pilau, si asubuhi tumbo tupu, "hii si nzuri hii," na mkono wangu tayari uko kwenye rafu. Mwavuli ninao mpaka leo, umevunjika mbavu.

Kupima watu dukani nakupenda. Wapo ambao hospitali hawaikanyagi mpaka wabebwe. Kinachoniudhi ni anayepima kuwa ndiye anayelipwa kwa kuuza. Huko Marekani, supamaketi za Walmart zilianza mwaka 2006 kuuza dawa nyingi za kawaida, metformin ikiwemo, kwa dola 4 za matumizi ya mwezi, na Publix, ambayo ni duka la vyakula hasa, ikaitoa metformin bure kuanzia mwaka 2010 hadi 2022. Wanataka uingie ununue na mkate, hilo halina siri. Lakini metformin yenyewe huipati mpaka utoe cheti.

Paketi zirudishe. Usiende kwa msichana, muulize mfamasia mwenyewe, na umwambie ulivyouziwa. Pesa huenda wasikupe, maana dawa iliyokwisha toka dukani haifai kuuziwa mtu mwingine. Wakikataa, zichukue hospitali siku ya kipimo, daktari azione. Ila tafuta risiti leo leo, kabla watoto hawajaifanyia mashua.