Mtoto aelewe kwanza, kukariri kutafuata

Mgeni akiingia sebuleni, mtoto huitwa aje aonyeshe alichofundishwa. Anataja rangi kwa Kiingereza, anahesabu mpaka ishirini, anapigiwa makofi, anarudi kucheza. Sina ugomvi na makofi hayo. Lakini binti yangu sasa anakaribia miaka mitano, na malezi yake yamenionyesha kwamba liko swali la kutushughulisha zaidi: je, mtoto anaelewa anachoambiwa? Ukimtuma jambo lenye sehemu mbili tatu, analishika? Ukimweleza sababu, anaifuata? Uwezo huo hujengwa nyumbani, muda mrefu kabla hajashika daftari.

Kuelewa hutangulia kusema. Mtoto mchanga huitambua sauti ya mama yake tangu siku za mwanzo, kwa kuwa aliisikia akiwa tumboni. Akifikisha mwaka mmoja huenda anatamka neno moja au mawili tu, lakini anayoyaelewa ni mengi zaidi. Kwa hiyo ule usemi wa "huyu bado hajui kuongea, nimwambie nini?" unampotezea mtoto miezi ya thamani. Ukimwogesha, mwambie unamwogesha. Ukimvalisha, mtajie mkono unaoingia kwanza. Akitoa sauti, mjibu kana kwamba amesema, kisha nyamaza umsubiri. Ile zamu ya kusema na kusubiri ndiyo inayomfundisha kwamba maneno ni ya watu wawili.

Kwetu sisi darasa kubwa limekuwa jiko. Nikipika mchicha wa nazi, binti yangu huketi kwenye kigoda chake kando ya mbuzi. Ningeweza kukuna kimya kimya nikamaliza upesi, ila namweleza ninachofanya kwa maneno yale yale ambayo ningemwambia mtu mzima. "Kizio hiki cha nazi nimekimaliza, nipe kile kingine. Kishike kwa nje, meno ya mbuzi yanakata. Sasa tunatia maji ya uvuguvugu, tunakamua. Hili tui la kwanza ni zito, tunaliweka pembeni. Machicha tunayatia maji tena, tui la pili litatoka jepesi."

Siku moja akaniuliza, "Mama, mbona unaanza na hili la maji maji?"

Nikamwambia, "Jepesi linachemka na mchicha mpaka uive. Zito likichemka sana linakatika, ndiyo maana linaingia mwisho."

Baadaye, siku nyingine kabisa, dada anayetusaidia kazi alinyanyua bakuli la tui zito mapema. Mtoto akadakia: "Bado, dada, litakatika!" Nilifurahi kuliko siku aliyomaliza kuhesabu. Alikuwa ameshika utaratibu wa jambo pamoja na sababu yake, akaweza kuutumia mwenyewe mahali panapohusika. Hakuna aliyemkalisha kumfundisha kwanza na pili, zito na jepesi, ndani na nje. Vyote vilikuwamo katika mazungumzo ya kazi.

Usirahisishe lugha kupita kiasi. Lugha ya kitoto ina utamu wake mtoto akiwa mchanga, na ile sauti ya kubembeleza humvuta asikilize. Lakini akishaanza kutembea, anahitaji kusikia sentensi kamili. Kiswahili chetu kimebeba mambo mengi ndani ya kitenzi: funga, fungua, fungia, fungwa, fungika. Mtoto anayesikia tu "lete", "kaa", "acha" atayapata wapi hayo? Mwambie, "Mfungie bibi mlango, mikono yake imejaa," naye ataona mwenyewe nani anamfanyia nani.

Kuna kipimo kidogo ninachokipenda sana. Wazazi wengi tunasema "niletee kile kiatu" huku kidole kinaelekea kwenye kiatu na macho pia yanakitazama. Mtoto anafuata kidole, sisi tunasema ameelewa maneno. Hebu weka mikono nyuma, mtazame usoni, umwambie: "Nenda chumbani, chini ya kitanda kuna kandambili za baba, ziweke nyuma ya mlango." Akienda chumbani akasimama, umejua ni kipande kipi kimempotea, na unaweza kukirudia bila kumfokea. Kwa binti yangu lililokuwa gumu ni "kabla". Nikisema "kabla hujavaa viatu, vaa soksi," alikimbilia viatu, kwa kuwa viatu ndivyo vilivyotajwa kwanza. Watoto wengi wadogo hufanya hivyo: hufuata mpangilio wa maneno yanavyotoka kinywani. Nilianza na "vaa soksi kwanza, halafu viatu," tukakaa hapo kwa muda, kisha nikairudisha "kabla" taratibu mpaka ikakaa.

Sasa suala la Kiingereza, ambalo najua linawasumbua wazazi wengi hapa Dar es Salaam. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, na hofu ya mtoto kuachwa nyuma ni hofu ya kweli. Hata hivyo, sikubaliani kabisa na desturi ya mzazi kuacha lugha anayoimudu akaongea na mwanawe kwa Kiingereza cha maneno hamsini. Mtoto anapewa amri tu, hasimuliwi kitu wala haelezwi sababu, kwa sababu mzazi mwenyewe maneno yamemwishia. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha aliyefundisha Kanada, alieleza tangu mwaka 1979 kwamba uwezo anaoujenga mtoto katika lugha yake ya kwanza humsaidia anapojifunza ya pili. Na UNESCO ilikwisha pendekeza mwaka 1953 kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha ya nyumbani. Mtoto aliyekwisha elewa "ingawa", "isipokuwa" na "kwa sababu" kwa Kiswahili hatajifunza maana hizo upya akikutana nazo kwa Kiingereza. Atajifunza namna ya kuzisema.

Mama mkwe wangu ni Mbondei wa Muheza, na akija kwetu huongea Kibondei na mjukuu wake tangu asubuhi. Nimemwomba asiache. Mtoto hachanganyikiwi kwa kusikia lugha mbili kutoka kwa watu wanaozijua vizuri. Na dada wa kazi tusimsahau, maana nyumba nyingi yeye ndiye anayekaa na mtoto kutwa nzima. Kaa naye, mwambie kwamba kuongea na mtoto ni sehemu ya kazi yake yenye heshima, wala haonekani anapiga soga. Wa kwetu ni msimulizi mzuri kuliko mimi.

Televisheni ipumzike. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Katuni haimsubiri mtoto ajibu.

Jioni ni ya hadithi. Vitabu vya Kiswahili vya watoto vinapatikana, na kwa asiye na fedha, tovuti ya African Storybook inavyo vya bure unavyoweza kusoma naye kwenye simu. Msomee kile kile mara nyingi, ndivyo watoto wanavyopenda, ila badilisha maswali. "Huyu nani?" ni swali la siku ya kwanza. Ukishazoea, uliza "Unadhani fisi atafanya nini?" na "Kwa nini sungura hakumwambia ukweli?" Kisha siku nyingine afumbe kitabu akusimulie wewe. Vitendawili navyo vinanoa akili ya kuelewa, kwa sababu mtoto lazima aone jambo moja ndani ya jingine. Tulianza na vile rahisi, nyumba yangu haina mlango, akihangaika mpaka akasema "yai". Hatimaye akatunga chake. "Kitendawili!" Tega. "Ana meno, anakula nazi tu!" Tulijifanya tumeshindwa, tukampa mji, naye akatwambia ni mbuzi.

Jambo la mwisho linahusu masikio. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi au mzito. Kwa kawaida mtoto wa mwaka na nusu hufuata agizo dogo bila kuonyeshwa kwa kidole, na wa miaka miwili na nusu hufuata mawili yaliyounganishwa. Ukiona wako yuko mbali na hapo, au hageuki ukimwita kutoka nyuma, au masikio yanatoa usaha mara kwa mara, usikubali kuambiwa "atakua tu". Nenda naye kliniki, na uende na mifano: alipoambiwa hivi alifanya hivi. Omba masikio yapimwe, na ukiandikiwa rufaa ya kumwona daktari wa masikio, ifuate mapema.