Tuisheni ya uchumi: angalia nani ameshika kalamu

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama inafaa kumtafutia mdogo wako wa sekondari mwalimu binafsi wa uchumi, maana noti anazisoma usiku na mchana na mtihani bado unamshinda. La pili, kama mwalimu huyohuyo atakufaa wewe uliyeanza chuo mwaka huu. Kazi hii ya kufundisha uchumi mtu mmoja mmoja nimeifanya miaka mingi, kwa wa sekondari na wa chuo, hivyo nitakujibu kwa niliyoyaona mezani.

Inafaa, lakini si kila tuisheni. Mwaka 1984 mtafiti wa elimu Benjamin Bloom, wa Chicago, alichapisha makala ambayo walimu wa tuisheni wanapenda kuitaja: mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake aliwapita takriban asilimia 98 ya wale wa darasa la kawaida. Tafiti za baadaye zimekuta faida ndogo kuliko hiyo. Jambo linalosahaulika ni kwamba wanafunzi wale wa Bloom walikuwa wanapimwa kila hatua, wanarekebishwa, na hawavuki mpaka wameelewa. Kwa hiyo usinunue saa za mtu kukaa karibu na mdogo wako akimsomea noti upya. Noti anazo tayari.

Nikupe mfano. Alikuja kwangu binti wa sekondari, fasili zote amezimeza, anazitiririsha bila kukwama. Nikampa karatasi tupu na kumwambia: mavuno ya kahawa yamekuwa mabaya, bei ya kahawa imepanda, nichoree soko la kahawa. Akachora mstari wa mahitaji (kiasi wanunuzi wanachotaka kwa kila bei) na wa ugavi (kiasi wauzaji wanacholeta sokoni kwa kila bei) vizuri kabisa. Kisha akausogeza mstari wa mahitaji wote kushoto, akaandika pembeni: "bei imepanda kwa hiyo mahitaji yamepungua."

Sikumsahihisha. Nilimwambia aendelee: mahitaji yakipungua, bei inakwenda wapi? Akasema inashuka. Ikishuka? Mahitaji yanaongezeka. Yakiongezeka? Bei inapanda... Hapo kalamu ikasimama. Alitazama karatasi kimya, akasema, "Mwalimu, hii haiishi."

Ndipo tukaanza somo. Mstari uliohama ni wa ugavi, kwa sababu ya mavuno. Wanunuzi hawakubadilika; wamepanda tu juu ya mstari wao uleule wa mahitaji, wakanunua kiasi kidogo kwa bei kubwa. Kinachopungua ni kiasi kinachonunuliwa, mahitaji yenyewe yamebaki palepale. Katika mazungumzo ya kila siku yote mawili tunayaita "mahitaji", na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapozama. Nikamwambia sasa achore soko la chai siku hiyohiyo. Akafikiri kidogo, akausogeza mstari wa mahitaji ya chai kulia, kwa kuwa baadhi ya wanywaji wa kahawa wamehamia huko. Hakuna aliyemwambia. Tangu siku hiyo sijawahi kuanza na mtu kwa kueleza. Naanza kwa karatasi tupu.

Kwa hiyo ukienda kumjaribu mwalimu, kaa pembeni dakika ishirini uangalie kalamu iko mkononi mwa nani. Mwalimu akichora na kueleza muda wote huku mwanafunzi anatikisa kichwa kukubali, mshukuru uondoke, hata kama anaeleza vizuri sana. Kuelewa maelezo ya mtu na kuweza kuyatoa mwenyewe ni vitu viwili tofauti, na mtihani unapima cha pili.

Muulize pia kama anazisoma karatasi za mtihani zilizosahihishwa. Kwa wa sekondari alama nyingi hupotea kwenye insha, na mara nyingi mwanafunzi anayajua mambo ila hajajibu alichoulizwa. Swali likisema "tathmini kupandisha riba kama njia ya kupunguza mfumuko wa bei", mwanafunzi ataeleza ukurasa mzima jinsi riba inavyofanya mikopo iwe ghali na matumizi yapungue, kisha anafunga. Hiyo ni nusu ya jibu. Kutathmini ni kuuliza: mfumuko huu umetoka wapi? Chukua mfano: kati ya mwaka 1973 na 1974 bei ya mafuta ghafi iliongezeka takriban mara nne. Riba haiwezi kuongeza mafuta hata pipa moja. Inaweza kuzuia bei zisiendelee kufukuzana na mishahara, lakini gharama yake ni ajira. Mwanafunzi akizoea kuongeza "inategemea nini?" mwishoni mwa kila hoja, na kuijibu, insha zake zinabadilika ndani ya wiki chache. Hili nimeliona mara nyingi, na linanifurahisha kila mara.

Sasa wewe wa chuo. Huko tatizo huhamia kwenye hisabati, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Nilikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza, hesabu zake safi kabisa, lakini kila grafu anakosea. Kumbe kwenye hisabati alizoea kuweka chanzo kwenye mhimili wa mlalo na tokeo kwenye wa wima, kwa hiyo bei alikuwa anailaza chini. Wachumi wanaiweka bei kwenye mhimili wa wima, desturi iliyoshika mizizi na kitabu cha Alfred Marshall cha mwaka 1890. Dakika kumi zilimtosha, na alikuwa amehangaika nalo muhula mzima akijiona hana akili.

Wengi zaidi wako upande wa pili: wanazijua kanuni za kalkulasi, ile hisabati ya kupima mabadiliko, bila kujua zinatafuta nini. Ukiwauliza kwa nini faida ni kubwa kabisa pale pato la nyongeza (linaloletwa na kitu kimoja zaidi) linapolingana na gharama ya nyongeza (ya kukizalisha kitu hicho), wanasema ndivyo alivyoandika mhadhiri. Mimi huweka kalkulasi kando na kumpa jedwali alijaze kwa mkono. Ukizalisha kimoja unauza kwa 10. Viwili kwa 9 kila kimoja. Vitatu kwa 8. Vinne kwa 7. Vitano kwa 6. Jumla ya mapato ni 10, 18, 24, 28, 30. Kwa hiyo kila kinachoongezwa kinaleta 10, 8, 6, 4, 2. Kila kimoja kinagharimu 4. Mwanafunzi anafika kwenye cha tano, anaona kinaleta 2 na kinakula 4, anakikata mwenyewe. Halafu anauliza, kwa nini cha tano kinaleta 2 tu wakati nakiuza kwa 6? Swali hilo ndilo ninalolisubiri. Ni kwa sababu ili kukiuza umeshusha bei ya vile vinne vya kwanza kwa 1 kila kimoja. 6 toa 4 inabaki 2. Akishaliona hilo, ule mlinganyo wa mhadhiri anausoma kama sentensi ya kawaida.

Mwalimu mmoja kuwafaa nyote wawili inawezekana, lakini mjaribu. Mpe zoezi moja la mwaka wako, mwambie akuelekeze papo hapo. Mwalimu mzuri wa sekondari ambaye kalkulasi imemtoka kichwani atamsaidia sana mdogo wako na atakupotezea wewe muda. Wala si aibu kwake.

Jambo jingine nalisema kwa uchungu. Ukiwa chuo utakutana na wanaojiita walimu binafsi huku kazi yao ni kukufanyia kazi za kukusanya. Nimepokea wanafunzi wa mwaka wa tatu waliopitia mikono hiyo. Kuwaanzisha upya kwenye mahitaji na ugavi wakati wenzao wanaandaa tasnifu inaumiza, kwao na kwangu. Mimi nakubali kuipitia rasimu yako na kukuonyesha hoja ilipokatika, kuiandika, hapana.

Kwa siku ya kwanza ya mdogo wako, msimbebeshe kitabu. Aje na mtihani wake wa mwisho uliosahihishwa na karatasi tupu kadhaa. Mwalimu achague swali moja alilokosa, amwache alifanye upya bila noti, yeye akae kimya mpaka kalamu isimame.