Jibu kwa aliyeuliza: kaneli inawaka kwa UEFI lakini ResetSystem na GetTime zinaigandisha

Wa alaykum salaam, mdogo wangu wa Chake. Umesema kaneli (kiini cha mfumo endeshi) unayoiandika kwa mradi wa chuo inawaka kwa UEFI (famuwea, yaani programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe ya kuiwasha), inachora skrini, kibodi inaitikia, lakini ukiita huduma zake za GetTime (kusoma saa) au ResetSystem (kuzima na kuwasha upya) kila kitu kinaganda. Ukauliza: famuwea mbovu, au ni kwa sababu hujaita SetVirtualAddressMap (mwito wa kuihamishia famuwea kwenye anuani pepe)? Kwa maelezo yako naona si hii wala ile.

Nimeziunga huduma hizi kwenye kaneli yangu ndogo, nikaijaribu kwenye mashine za mtumba zinazoletwa kutoka Dubai na kuuzwa hapa Mjini, za kila rika. Shida uliyonayo wewe ndiyo anayoanza nayo karibu kila mtu.

Ukishaita ExitBootServices, mwito wa kuiambia famuwea kwamba kaneli imeishika mashine, huduma za kuwashia zimekwisha. Zinabaki za wakati wa kazi: saa, vigeu, kuzima na kuwasha upya. Lakini msimbo wake na data zake bado zimo ndani ya RAM yako, kwenye vile vipande ambavyo GetMemoryMap (huduma inayotoa ramani ya kumbukumbu) ilivitia alama ya RUNTIME, biti ya 63. Umehamia nyumba ambayo mwenyewe amebakiza chumba kimoja, basi usikivunje wala usikizibe mlango. Wewe, nadhani, umeuziba: umejenga jedwali jipya la kurasa (linalotafsiri anuani pepe za programu kuwa anuani halisi za RAM) lenye kaneli peke yake kwenye nusu ya juu, kisha ukaita kwa pointa uliyoitoa kwenye System Table, jedwali ambalo famuwea hukukabidhi. Pointa hiyo ni anuani halisi. Ndani ya jedwali lako haielekezi popote, prosesa inapiga kosa namba 14 (kosa la ukurasa), na kama hujaandika msimbo wa kulipokea kosa hilo utaona mashine imeganda au imejiwasha upya.

Tengeneza jedwali la pili kwa ajili ya famuwea tu. Weka humo kila kipande cha RUNTIME, anuani pepe ikiwa sawasawa na anuani halisi, na nusu ya juu ya kaneli yako uinakili vilevile ili steki na msimbo wako visipotee. Badilisha CR3 (rejista ya prosesa inayoonyesha jedwali linalotumika), ita, rudisha CR3. Linux nayo kwenye x86-64 (prosesa za Intel na AMD za biti 64) huipa UEFI jedwali lake. Bafa za kupokelea majibu ziweke kwenye kumbukumbu ambayo jedwali hilo linaifikia kwa anuani halisi, kisha nakili kilichoandikwa humo.

SetVirtualAddressMap mimi nakwambia achana nayo. Inaitwa mara moja tu kila mashine inapowaka. Ukiikosea, huna pa kurudi mpaka uzime. Tena kuna famuwea ambazo zikiitwa hapo hugusa kumbukumbu ya huduma za kuwashia ambayo ilitakiwa iwe huru, na ndiyo maana Linux haiachii vipande hivyo mpaka mwito ule upite. Kwa kaneli ya mradi wa chuo, kujitafutia hayo yote ya nini, yakhe?

Jambo la pili ni rejista. UEFI kwenye x86-64 inapokea hoja (thamani unazoipa huduma) kwa mtindo wa Microsoft: RCX, RDX, R8, R9, pamoja na baiti 32 za nafasi kwenye steki. GCC ya Linux, kompaila yako, huanza na RDI na RSI. ResetSystem inasoma aina ya kuzima kutoka RCX. Ukiiacha GCC na mtindo wake, itasoma takataka yoyote iliyomo. Tia `__attribute__((ms_abi))` kwenye aina ya kila pointa ya huduma. Hifadhi rejista za SSE (za hesabu za desimali) kabla ya kuita, zungushia miito yote kufuli moja ili isiingiliane, na kompaili kwa `-mno-red-zone` ili vikatizo visiharibu steki. Hayo hayana maelezo marefu.

GetTime ikishajibu, usiiamini haraka. Mashine za mtumba betri ya saa mara nyingi imekufa, na umeme ukikatika tarehe inarudi ya miaka ya nyuma. Uga wa TimeZone nao una kituko chake: ni dakika za kutoa kwenye UTC, kwa hiyo saa za huku kwetu ni -180, si 180. Ukikuta 2047, famuwea haikutaja ukanda wowote. Na kama mashine ina Windows pia, tegemea tofauti ya saa 3, maana Windows kwa kawaida huandika saa ya mahali na Linux huandika UTC.

SetVariable (huduma ya kuandika vigeu) usiiguse kwenye mashine ya watu. Mwaka 2013 kuna kompyuta za mpakato zilizokufa kabisa, haziwaki tena, kwa sababu ya vigeu kujazwa kwenye hifadhi ya famuwea. Linux ikaanza kuacha akiba ya takriban kilobaiti 5. Jaribio lolote la kuandika lifanyie ndani ya QEMU (mashine ya kuigiza) na OVMF (UEFI yake), ambako ukiharibu unafuta faili na kuanza upya.

Sasa andika msimbo wa kupokea kosa namba 14 uchapishe CR2 (anuani iliyokosekana) na RIP (anuani ya amri iliyokuwa ikiendeshwa), kisha uite GetTime. Namba hizo zikiangukia ndani ya kipande cha RUNTIME, basi ni jedwali lako la kurasa. Zikianguka nje, bandika hapa ramani yote ya kumbukumbu pamoja na mstari unaoita, tuione.