Sikiliza kwanza, saini utatafuta baadaye

Watu wananiuliza, na hizo shifti zako unapata wapi muda wa kusoma? Sisomi jamani, nasikiliza vitabu vilivyorekodiwa kwa sauti. Niko Uingereza huku, kazi yangu kuzungukia wazee majumbani, asubuhi nyumba sita jioni tano, na katikati hapo ni mimi na kigari changu na mvua, kwa hiyo miaka yote hii kwenye gari tunakuwa wawili, mimi na Terry Pratchett.

Kama humjui, huyu mzee (alifariki Machi 2015) aliandika riwaya 41 za dunia moja bapa kama sinia, imebebwa na tembo wanne, tembo wamesimama mgongoni mwa kasa, na kasa anaogelea angani huko. Mi wala sikushangaa, bibi yangu alikuwa anatuambia dunia imekaa kwenye pembe ya ng'ombe, akichoka akihamishia pembe ya pili ndo tetemeko.

Usianze na kile cha kwanza cha 1983, hapo alikuwa bado anajitafuta. Anza na Small Gods cha 1992, kinajitegemea, mungu mkubwa anataka kushuka kwa kishindo anajikuta kakobe kenye jicho moja, na anayemwamini kweli kabaki kijana mmoja tu. Rekodi mpya kasoma Andy Serkis, siku ile nilipitiliza kona mbili kwa kucheka, mteja wangu wa saa nne akapata chai saa nne na nusu.

Rekodi ziko za aina mbili. Za zamani nyingi kasoma Nigel Planer halafu Stephen Briggs, nzuri tu. Ila hizi zilizoanza kutoka 2022 zimetatua kitu kilichokuwa kinanisumbua: vitabu vyake vimejaa tanbihi, yale maelezo madogo chini ya ukurasa, na Mauti (humo kifo ni mhusika kabisa, anaongea) akiongea maneno yake yanachapwa kwa herufi kubwa, sasa herufi kubwa utazisikiaje? Wakamwekea Mauti sauti yake mwenyewe, Peter Serafinowicz, na tanbihi zote kapewa Bill Nighy, akiingia tu unajua huyu kaja kuchomekea neno.

Na usiwe na haraka ya kununua. Kama uko huku chukua kadi ya maktaba, shusha apu ya Libby, unaazima bure, foleni ipo lakini inasogea. Halafu acha kuweka spidi moja na nusu, utani wake unataka pumzi.

Sasa saini. Hapa niliungua. Nilinunua mtandaoni nakala "imesainiwa na mwandishi", pauni 60, saini imechangamka kweli, nikawapigia picha hadi wadogo zangu. Wiki ya pili nafungua ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, wenye maandishi madogo madogo, naona toleo la 2017. Mzee alishafariki miaka miwili nyuma! Kwa hiyo kabla hujatoa hela omba picha ya ukurasa huo, kisha omba picha ya saini imepigwa kwa ubavu kwenye mwanga, wino wa kalamu unaonekana umepita juu ya karatasi, ya kuchapwa imelala tu sare na ukurasa. Muuzaji akianza kuzungusha maneno, achana naye.

Tena usipaparike na bei. Pratchett alisaini vitabu vingi mpaka mashabiki wanataniana kwamba nakala adimu ni ile ambayo hakuisaini. Na zile alizomwandikia mtu fulani kwa jina mara nyingi zinauzwa rahisi kuliko saini tupu, mi ndo nazipenda hizo, unajua kabisa kuna mtu alipanga foleni. Yangu nimeiokota duka la hisani, yale ya kuuza vitu watu walivyochangia, pauni tatu, kaandikiwa mtu nisiyemjua, na kwenye kava kuna duara la kikombe cha chai. Ipo kabatini ndani ya nailoni. Sijawahi kuisoma, ila nimeisikiliza mara nne.