Geji mbili zikidanganya pamoja, anza na stabilaiza na ethi yake

Ndugu yangu uliyeandika kutoka Musoma, umeeleza kwamba Land Rover yako ya Series III ya mwaka 1979 inaonyesha mafuta mengi na joto kubwa la injini kuliko ukweli, na kwamba fundi amekushauri ununue floti mpya ya tanki, yaani kifaa kinachopima kiwango cha mafuta, pamoja na sensa ya temperecha. Nakuomba usinunue chochote kwanza. Mimi ninayo Series III ya chasi fupi ya inchi 88, ninayoiegesha nyumbani Kirumba, Mwanza, na ugonjwa huo huo ulinigharimu fedha na usumbufu mwingi kwa sababu nilianzia mahali pasipohusika.

Nilibadilisha floti, geji ikaendelea kuonyesha mafuta mengi. Nikabadilisha sensa, temperecha ikaendelea kupanda, hata fundi mmoja akafungua mfumo wa maji akitafuta kasoro ambayo haikuwepo. Kisha siku moja, nikiwa natoka Mwanza kwenda Sengerema na mshale wa mafuta ukionyesha kwamba bado yapo, gari lilizimika wakati nashuka kwenye kivuko upande wa Kamanga, malori yakiwa nyuma yangu na abiria wakisubiri. Vijana wa pale walinisukuma hadi pembeni. Tulipochovya kijiti tanki lilikuwa kavu, na hapo ndipo nilipoamua kujifunza mfumo huu mwenyewe kabla ya kumruhusu mtu mwingine aushike.

Geji zetu za mafuta na temperecha hazifanyi kazi kwa sumaku. Ndani ya kila moja kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizoshikamana, kimezungushiwa waya unaopata moto umeme unapopita. Kipande kikipata joto kinajipinda na kuusukuma mshale, na ndiyo maana mishale yake hupanda taratibu. Kwa kuwa umeme wa gari hucheza kati ya volti 12 na zaidi ya 14 altaneta inapochaji, watengenezaji waliweka stabilaiza, yaani kile kiboksi kidogo cha bati nyuma ya mita, ambacho huzilisha geji zote mbili umeme wenye wastani wa volti 10. Nayo hutumia metali mbili zinazopata joto, zinajipinda na kukata umeme, zinapoa na kuurudisha, mfululizo. Ili ipate joto hilo ni lazima iwe na ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi la gari, ambayo huipata kupitia ganda lake. Ethi ikipotea, stabilaiza haipati joto, haikati kamwe, na volti zote za betri zinaingia kwenye geji. Hapo mishale yote miwili hupanda kuliko ukweli, kama ulivyoeleza.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni hii: geji moja ikikosea, tafuta kwenye waya wake na kifaa chake, zikikosea zote mbili kwa mkupuo mmoja, tafuta kitu zinachochangia. Zikilala zote mbili bila kunyanyuka, tazama kwanza fyuzi inayolisha nyaya za kijani.

Kabla ya kufungua paneli, ondoa kichwa cha betri. Usilipuuze hili, kwa sababu nyaya za kahawia zilizo nyuma ya dashibodi zinatoka betri moja kwa moja bila fyuzi, na bisibisi ikizigusanisha na bodi unaweza kuunguza fungu zima la nyaya. Fungua skrubu, legeza kebo ya spidomita, kisha vuta paneli polepole. Kwangu nilikuta skrubu inayoshika stabilaiza imelegea, na chini yake kumejengeka unga wa kijani kama ule unaouona kwenye sufuria ya shaba iliyosahaulika. Huku ziwani unyevu wa usiku haulali, na gari linaloegeshwa nje hupata kutu hii kwenye kila kiungo. Nilipiga msasa mpaka bati likang'aa, nikafunga upya, kisha nikaongeza waya mweusi kutoka kwenye skrubu ile hadi kwenye bodi, nikapaka vaselini juu yake.

Ukisharudisha betri, pima toleo la stabilaiza kwa taa ndogo ya kupimia. Ikiwakawaka kwa vipindi, inafanya kazi; ikiwaka bila kukatika hata baada ya dakika mbili, ama ethi bado ni mbaya ama stabilaiza imegandana ndani na haikati umeme tena. Multimeta ya namba itakuchanganya hapa, kwani itarukaruka bila kutulia.

Yangu ilikuwa imegandana pia. Nilifungua bati lake, nikatoa vilivyomo, nikalehemu ndani yake kidude cha elektroniki kinachoitwa 7810, ambacho wauzaji wa vipuri vya redio wanacho na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na floti. Mguu wa kwanza unapokea umeme wa waya wa kijani, wa katikati unakwenda ethi, wa tatu unatoa volti 10 kwenda kwenye geji. Kinafaa kwa sababu kwenye Series III upande hasi wa betri ndio ulioungwa kwenye bodi. Kwenye gari la zamani lenye chanya kwenye bodi usikifunge hivyo. Fahamu vilevile kwamba betri ikishuka chini ya volti 12 hakiwezi kushikilia 10, na geji zitasoma chini kidogo.

Baada ya hapo ndipo upime floti. Chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi kwenye tanki: mshale wa mafuta unapaswa kulala kabisa. Usipolala, waya huo umechubuka na unagusa bodi njiani. Waya wa temperecha ni wa kijani wenye mstari wa buluu, na kipimo chake ni kile kile. Floti yangu ya zamani, niliyokuwa nimeitupa stoo, ilipima ukinzani wa karibu omu 240 ikiwa chini na karibu 20 ikiwa juu, ikapanda na kushuka bila kuruka. Ilikuwa nzima muda wote.

Nakuomba pia usimruhusu mtu kuunga nyaya hizi kwa waya wowote aliokuta mfukoni. Gari langu lilikuwa na viungo sita vya waya mwekundu mtupu, vimesokotwa na kufungwa tepu, na kila kimoja kilinichukua nusu siku kujua kinakwenda wapi. Tafuta waya wa rangi ile ile, hata kutoka kwenye gari lililokufa, ulehemu na kuuvalisha mpira.

Paneli ikiwa bado wazi, badilisha na balbu ya taa ya chaji ikiwa imeungua, kwa maana umeme unaoiamsha altaneta unapitia humo. Kisha tia mafuta lita tano tano huku ukiandika mshale unasimama wapi. Tanki langu la lita 45 nililipima hivyo, na karatasi yake bado naiweka chini ya kiti.