Maswali yenu: gari ya jeshi ya zamani inachemsha, nianzie wapi?

Wiki hii karibu maswali yote yamekuja ya gari za zamani za jeshi zinazochemsha, na mwezi huu wa kaskazi wala sishangai, joto letu la Tanga tunalijua, hewa yenyewe inayoingia kwenye rejeta tayari ina moto. Haya twende.

Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III ya petroli, zamani ilikuwa ya jeshi. Barabara ya Segera inakimbia vizuri tu, nikiingia Ngamiani kwenye foleni mshale unapanda. Ninunue rejeta? (Chumbageni)

Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Gari ikichemsha ukiwa unatambaa au umesimama, afu ukikimbia inapoa, tatizo ni upepo. Ingekuwa kinyume, yaani mwendo ndo inachemsha, hapo ningekwambia rejeta imeziba ndani au mpira wa chini unanywea pampu ikivuta maji. Kwahiyo anza na mkanda wa feni, ukiubonyeza katikati ukazama sana basi unateleza na feni haizunguki inavyotakiwa. Angalia na lile kava linaloizunguka feni, maana rejeta ikishatolewa mara moja kava huwa linabaki gereji na hamna anayeliulizia, wakati bila hilo kava feni inavuta hewa ya pembeni na kuiacha ile inayopita kwenye rejeta. Weka karatasi mbele ya rejeta injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, karatasi ing'ang'anie. Ikidondoka feni haivuti, na nishaona feni zimefungwa nyuma mbele kabisa. Mwisho toa madumu, winchi, turubai na chochote kilichofungwa mbele ya grili, halafu osha matundu ya rejeta kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa injini kwenda mbele, gari iliyokaa porini miaka inabeba matope na mbegu za nyasi humo hadi utashangaa.

Fundi kanitolea themostati, kasema huku pwani hamna baridi haina kazi. Mbona bado inachemsha? (Muheza)

Hii inaniuma kila nikiisikia. Rudisha themostati! Kwenye injini ya Land Rover ya 2286 cc kuna njia ya mkato ya maji, injini ikiwa baridi maji yanazunguka humo bila kupita kwenye rejeta, na ikishapata moto themostati yake ya asili inafungua njia ya rejeta na wakati huohuo inaziba ile ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini ilivyo. Hata ukiweka themostati ya gari nyingine isiyo na ile sketi ya kuzibia hujafanya kitu. Kuipima ni rahisi, iningʼinize kwenye sufuria ya maji uweke jikoni, ya digrii 82 inatakiwa ianze kufunguka maji hayajachemka. Maji yakichemka nayo imefunga tu, tupa.

Naweza kujazia maji ya kisima? Ya baharini je, nikikwama njiani? (Pangani)

Ya baharini hapana kabisa kaka, chumvi itakula chuma na hedi, kile kifuniko kikubwa cha juu ya injini. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi na chokaa, na chokaa ikiganda ndani ya injini moto hautoki tena hata rejeta iwe mpya. Kinga maji ya mvua au tumia yale ya betri, uchanganye na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, inazuia kutu pia. Ila usiimwage uani, ina utamu na ni sumu, paka na mbuzi watainywa.

Geji ya joto inapanda mpaka mwisho ila injini naigusa naona kawaida tu. (Raskazone)

Geji ya mafuta nayo inasoma juu kuliko mafuta uliyonayo? Kama zote mbili zimepanda, tafuta kile kidude nyuma ya dashibodi kinachozipa geji volti 10. Waya wake wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, ukilegea au kikifa, zote zinadanganya. Kabla hujafungua injini kaza huo waya.

Maji yanapungua na sioni yanapovuja. (Korogwe)

Injini ikiwa baridi fungua rejeta, iwashe, uchungulie. Mapovu yakitoka mfululizo, au stiki ya oili ikiwa na kitu kama maziwa, gasketi ya hedi imekufa. Hiyo usiitembelee hata kwenda sokoni.

Tunafufua Dodge WC ya vita kuu ya pili. Rejeta mpya, pampu mpya, bado inapika nyuma ya injini. (Tanga mjini)

Swali tamu hili, hongereni. Injini ile ya silinda sita ina valvu pembeni, moshi wa moto unapita ndani ya bloku yenyewe kwahiyo maji yana kazi kubwa kuliko injini za leo. Na nyuma ya pampu ya maji kuna bomba la bati jembamba, limelala urefu wote wa bloku, kazi yake kupeleka maji ya baridi mpaka silinda za mwisho. Likioza kwa kutu maji yanaishia mbele, nyuma panaungua. Toeni pampu mlivute taratibu, huwa linang'ang'ania na kukatika, msikate tamaa. Likitoka osheni bloku mpaka maji yatoke meupe ndo muweke jipya.

Kupandisha Mombo kwenda Lushoto inachemsha kila siku, tambarare haina shida. (Mombo)

Kwanza huko juu, mita 1400 hivi, maji yanachemka kwenye digrii 95 badala ya 100, ndo maana kifuniko cha rejeta chenye spring nzima ni muhimu, kila psi moja ya presha inasogeza kuchemka mbele kwa digrii moja na nusu hivi. Ila usibandike cha gari ya kisasa cha psi 15, mipira na rejeta ya zamani vitapasuka, weka kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Pili pima taimingi, yaani muda wa cheche kuwaka, cheche ikichelewa moto mwingi unaishia kwenye maji na gari inakosa nguvu. Tatu shuka gia mapema, watu wanang'ang'ania gia ya tatu injini inalia chini, wakati ya pili inazungusha feni na pampu haraka zaidi. Ikichemsha hivyohivyo paki pembeni, zima, kaa nusu saa, kifuniko usikiguse maana maji yatakurukia usoni, na ukija kujaza baadaye mimina kidogokidogo injini ikiwa inaunguruma, maji ya baridi kwenye chuma cha moto yanapasua hedi.