Kabla hujaweka dole gumba kwenye fomu ya utafiti wa dawa

Mbeya kuna kituo cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kwa hiyo kuombwa ushiriki kwenye jaribio la dawa au chanjo si jambo geni huku. Majaribio mengi huendeshwa vizuri. Yanayoharibika, mara nyingi dalili zipo kwenye karatasi, tena mapema.

Anza na kibali. Cheti cha maadili cha NIMR hutolewa kwa mwaka mmoja na huhuishwa, hivyo soma tarehe, siyo muhuri tu. Jaribio la dawa linahitaji pia kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Barua ya mkoa, halmashauri na mtendaji wa kijiji humruhusu mtafiti kuingia kijijini, hairidhii kwa niaba yako. Mwenyekiti akitangaza "wote mjitokeze", hiyo bado si ridhaa ya mtu yeyote.

Tarehe si jambo dogo. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya dawa ya Pfizer ilijaribu antibiotiki yake mpya, Trovan, kwa watoto 200: nusu walipewa dawa hiyo, nusu seftriaksoni, antibiotiki iliyokuwa ikitumika tayari. Watoto 11 walifariki. Familia zilidai hazikuambiwa kwamba ni jaribio, na barua ya kamati ya maadili ikaja kubainika iliandikwa baadaye na kurudishwa nyuma tarehe. Mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano, bila kukiri kosa.

Kesi ile ilikuwa na dai jingine: kwamba seftriaksoni ilitolewa kwa dozi pungufu. Ujanja huo ni rahisi kupita bila kuonekana, maana dawa ya zamani ikipunguzwa nguvu, mpya itang'aa tu. Uliza kundi la pili linapewa nini, na kama ni dozi ileile ya hospitali. Ugonjwa wenye tiba inayojulikana, mgonjwa hapewi kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, peke yake.

Asiyejua kusoma awe na shahidi asiye mwajiriwa wa utafiti, asikilize fomu yote ikisomwa, naye asaini. Nakala ubaki nayo. Nesi anayekutibu akiwa ndiye anayekusajili, mwambie utajibu kesho. Wengi hukubali kwa kuogopa kunyimwa huduma.

Damu je? Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Uliza jumla ya mahudhurio yote, na kama damu itakayobaki itahifadhiwa au kupelekwa nje; hapo huwa na kisanduku chake cha kukubali au kukataa.

Nauli na chakula ni haki yako. Posho inayolipwa mwishoni tu, kwa waliomaliza wote, inamfunga anayetaka kujitoa.

Kisha ipigie namba ya dharura iliyo kwenye fomu kabla ya kusaini, ikiwezekana usiku. Malalamiko yana namba nyingine, ya kamati ya maadili. Ukikuta zote mbili ni za mtafiti huyohuyo, usisaini.